Mpangaji Kutoka Jalalani

Mwanangu aliokotwa jalalani siku ya tatu baada ya mimi kumzaa. Naiandika sentensi hii polepole, maana kwa miaka saba neno lake la kwanza sikuruhusiwa kulitamka, na ulimi wangu bado hujikwaa hapo. Hata leo nikisema "mwanangu", kwanza huangalia mlango kama umefungwa.

Mimi ni fundi cherehani, hapa Majimoto. Cherehani yangu iko barazani na inatazama njia ya kwenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kazi ya kushona ina tabia moja: mguu unakanyaga, sindano inaruka, na akili inajiendea zake. Mume wangu husema mimi hulala huku macho yakiwa wazi. Anasema kweli, lakini naye huongea na ng'ombe wake siku nzima, kwa hiyo nyumba yetu haina wa kumcheka mwenzake.

Kabla ya mtoto huyo nilikuwa nimezaa mara tatu. Wa kwanza alikuwa mvulana. Ile sindano ya begani wanayochomwa watoto wote wachanga, ambayo kwa wenzake iliacha kovu dogo tu, kwake ilifanya kidonda kisichofunga, kisha donge kwapani, kisha homa. Akaondoka akiwa na miezi tisa. Wa pili ni msichana, na huyo hata mafua yalimwogopa. Wa tatu alikuwa mvulana tena, mcheshi, anayecheka mpaka anaanguka. Kifua kilimshika baada ya mavuno, na mvua zilizofuata hakuziona. Alikuwa na miaka miwili na nusu. Majirani wakaanza kusema, tena si kwa ubaya, kwamba nyumba yetu haishiki wavulana.

Wakwe zangu walishuka na ng'ombe kutoka Usukumani miaka mingi iliyopita, na mama mkwe alikuja na kila alichokuwa nacho, mila zikiwemo. Nilipojifungua mvulana mwingine, hakupiga vigelegele. Alinieleza kwamba kifo kimeshaonja wavulana wangu mara mbili na kitarudi kwa huyu, kwa kuwa kinajua ni wangu. Dawa ilikuwa moja: asiwe wangu.

Siku ya tatu asubuhi alimlaza kwenye ungo mkuukuu, akaupeleka nyuma ya mashine ya kukoboa, penye lundo la pumba za mpunga, majivu na samadi, akamwacha pale juu. Mimi nilikatazwa kulia. Jirani yetu, mwanamke wa Kipimbwe ambaye alikuwa ameombwa tangu jana yake, akapita na ndoo ya maji kichwani kana kwamba ni bahati tu. Akasimama. Akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, nani amekitupa kitu hiki. Ikanibidi nitoke na kujibu kwamba sijui, si changu. Basi akatua ndoo, akamwinua mtoto, akampangusa pumba puani kwa ncha ya kanga, akatangaza kwamba kuanzia leo ni wake. Kisha akanigeukia na kusema kwamba yeye ana shughuli nyingi za shamba, na mimi anaona nina nyumba na maziwa kifuani, kwa hiyo nimtunzie mpaka akue.

Hivyo ndivyo mtoto wangu alivyorudi nyumbani kwangu akiwa mpangaji. Msinicheke. Mzike wawili kwanza, ndipo mcheke.

Ilikuwa siri ambayo Majimoto nzima iliijua. Aliyefichwa alikuwa mmoja tu, kifo, na sisi wote tulishirikiana kumfunga kitambaa machoni. Mwokotaji, kama tulivyozoea kumwita jirani yule, alichaguliwa kwa sababu alikuwa amezaa watano na wote wako hai, tena wanene. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, mpana, mwenye utani mkali. Ng'ombe wetu wakiingia kwenye mpunga wake alikuja kutudai kwa matusi ya kuchekesha, akaishia kunywa maziwa. Lakini uzazi wake wa jalalani aliuchukulia kwa uzito kuliko ndoa. Alimfundisha mtoto kumwita yeye mama, na mimi akamfundisha aniite mwenye nyumba.

"Mwenye nyumba, nina njaa." "Mwenye nyumba, nimejikojolea." Nilicheka, maana ilichekesha. Pia iliuma, kila mara, mahali palepale.

Wateja wangu kila mmoja ana ukurasa wake kwenye daftari la vipimo. Mtoto huyo naye nilimpa ukurasa, juu yake nikaandika "Mpangaji". Kila mwezi nilimsimamisha barazani na kumpima kwa futi: bega, kifua, urefu. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya nguo zake. Kusema kweli ilikuwa njia yangu ya kumshika mwilini bila mtu kuona kwamba ninamshika kama mama.

Alipoanza kuuliza ametoka wapi, mwokotaji alimwonyesha lile lundo la pumba. Akamwambia kwamba watu wengine wanatoka kaskazini na ng'ombe, wengine wanatoka Burundi na mihogo yao, yeye ametoka pale. Mtoto akaridhika. Tangu siku hiyo, akimaliza uji, alikuwa akinipungia mkono na kusema anaenda kwao. Watoto wote wa mtaani walicheza kwenye pumba, lakini yeye alicheza kama mwenye mji. Aliwapangia wenzake mahali pa kuteleza.

Nilikuwa nikimtazama kutoka kwenye cherehani. Jua la saa tisa hupiga pumba zikawa na rangi ya asali, na vumbi lake hubaki hewani kama halina haraka ya kwenda popote. Mwanangu alizama mpaka kiunoni, akaibuka, akazama tena, na ile mashine ya kukoboa ikinguruma nyuma yake, na cherehani yangu ikiitikia. Niliona raha. Nilifikiri, hapa ndipo alipookolewa. Mara nyingine mguu ulisahau kukanyaga na kitambaa kikabaki kimesimama chini ya sindano. Raha ile sijajisamehe mpaka leo.

Maana mtoto aliishi, lakini aliishi kwa kuchechemea. Majipu yalimtoka mgongoni, moja likipona jingine linachungulia. Mitoki ilimvimba shingoni. Homa zilikuja na kuondoka kama wageni waliozoea nyumba. Alimeza dawa za kifua kikuu nusu mwaka, akapata nafuu kidogo, akarudi palepale. Kwenye daftari langu namba ya kifua chake ilikaa mwaka mzima bila kusogea. Mimi mwenyewe nilikuwa na madoa mekundu mashavuni ambayo jua liliyachochea, na vidonda mdomoni visivyoisha. Watu wakasema fundi anajichubua kwa mkorogo. Niliwaacha waseme, kwa sababu nilikuwa na ugomvi mkubwa zaidi wa kushughulikia.

Mtoto alipokuwa na miaka sita tulimpeleka hospitali Mpanda. Tulikwenda watatu, yeye, mimi na mwokotaji, maana mama hawezi kubaki nyumbani mwanawe akiumwa, na mama, mbele ya kifo, alikuwa yeye. Basi lilipita Usevya, likaingia mbugani, madirisha yakafungwa kuzuia inzi wa ndorobo, tukakaa ndani ya joto kama mihogo kwenye sufuria. Mtoto aliona twiga, akasinzia.

Daktari alikuwa binti mdogo, mtaratibu, anayeandika bila kuinua kichwa haraka. Akauliza mama mzazi ni nani. Mwokotaji akasema ni yeye. Akauliza amezaa wangapi. Watano, na huyu wa sita. Kuna aliyefariki kati yao? Hakuna, Mungu ni mwema. Mwokotaji hakudanganya hata neno moja kuhusu wale watano, wako hai mpaka leo. Mimi nilikuwa kwenye benchi, mfuko wa nguo katikati ya miguu yangu, mwenye nyumba aliyekuja kusindikiza. Nilimwona daktari akiandika jibu lile na mabega yake yakilegea kidogo, na mimi nikafurahi, nikidhani ni dalili njema.

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba alikuwa akiutafuta ugonjwa unaotoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wa kiume. Jibu letu lilimfungia mlango huo. Tukarudi Majimoto na dawa za kifua kikuu kwa mara ya pili. Ndani ya basi mwokotaji alinibinya goti, akaninong'oneza kwamba tumekiponyoka tena.

Mama mkwe alifariki mwaka huo, akiwa na hakika kwamba ameshinda.

Mavuno yaliyofuata yalikuwa mazuri kupita kiasi. Mashine ilifanya kazi tangu alfajiri mpaka jioni, na lundo likawa kilima. Mtoto alikuwa kwao kila siku. Wiki ya pili alianza kupumua kwa mabega. Ya tatu akawa hawezi kutembea kutoka kitandani mpaka barazani. Tukapanda basi tena, safari hii akiwa amelala mapajani mwetu wote wawili, kichwa kwa mwokotaji, miguu kwangu. Nilimshika unyayo njia nzima. Ulikuwa wa moto.

Daktari alikuwa yuleyule. Aliinua picha ya kifua kwenye mwanga, na hata mimi niliona: weupe umetapakaa kama chokaa iliyorushwa ukutani.  Kisha akamuuliza mtoto mwenyewe huwa anacheza wapi.

"Kwetu," mtoto akajibu kwa pumzi ndogo, lakini kwa fahari. "Kwenye pumba."

Daktari aliiweka picha mezani. Akanitazama mimi, si mwokotaji. Aliyatazama mashavu yangu kwa muda mrefu kiasi kwamba nilijifunika na kanga. Akaniuliza madoa yale nimekuwa nayo tangu lini, na kama huwa napata vidonda mdomoni. Nikamjibu. Akauliza mimi ni nani kwa mtoto.

"Mwenye nyumba," nikasema. Na mtoto, pale kitandani, akaitikia kwa kichwa, kunisaidia.

Daktari alivuta kiti akaketi mbele yetu, magoti yake karibu yaguse yetu. Alizungumza kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko angefoka.

"Mambo yenu ya nyumbani siyaingilii, dada zangu. Nataka kujua kitu kimoja tu. Kama mwanamke aliyemzaa huyu mtoto alishawahi kufiwa na mtoto wa kiume, nitajua pa kutafuta leo hii. Kama hajafiwa, nitaendelea kupapasa. Na huyu hana muda wa mimi kupapasa."

 Nilihisi kama nimekaa tena kwenye cherehani yangu, akili ikijiendea zake. Niliona ungo. Niliona ndoo ya maji ikitua chini. Nilifikiri: miaka saba kifo kimepita barazani kwangu kikiuliza, na miaka saba nimejibu si wangu, na kimeamini. Nikifungua mdomo sasa, kitasikia. Nisipoufungua, mtoto anaondoka hivi ninavyomwona. Hakuna njia ya tatu. Nilikasirika. Nilimkasirikia mama mkwe aliyekufa, nikamkasirikia daktari, nikakikasirikia kifo kwa kunisimamisha pale kama mwizi.

Mwokotaji alikuwa amesoma uso wangu. Aliinuka, akaenda dirishani. Ilikuwa mchana wa jua kali na chumba hakina feni, lakini alilifunga, akasukuma komeo, akausogeza na mlango mpaka ukagota. Ndipo akasimama ameegemea mlango kwa mgongo wake wote mpana, akaniambia, "Sema sasa. Sema taratibu."

Nikasema.

"Ni mwanangu. Nimemzaa mimi. Kaka zake wawili nimewazika mimi, mmoja na donge la kwapani, mmoja na kifua."

Hakuna kilichotokea. Kwenye korido kitoroli kilipita kikilia gurudumu. Daktari alikuwa tayari anaandika, haraka, kichwa chini. Mtoto alinitazama kwa yale macho makubwa ya homa, hakuonyesha kushangaa wala kufurahi, alitazama tu, kama mteja anayejiangalia kwenye kioo akiwa na nguo mpya. Kisha akasinzia. Mimi nililia kilio nilichokatazwa siku ile ya tatu, na mwokotaji hakuondoka mlangoni mpaka nilipomaliza.

Walianza kumpa dawa ya kuua ukungu mapafuni siku hiyohiyo, kabla ya majibu yoyote. Alipopata nguvu za kusafiri tulipelekwa hospitali kubwa ya mbali, na huko wakachukua damu yake na yangu. Kipimo chenyewe daktari wetu alinieleza baadaye, Mpanda, kwa subira ambayo sikuizoea kwa watu waliosoma. Alisema chembe nyeupe za damu kazi yake ni kumeza vijidudu na kuviunguza. Za mwanangu zinameza vizuri sana, ila hazina moto wa kuunguzia. Kijidudu kinakaa humo ndani, kizima. Nikamwambia kumbe ni kama pasi isiyo na mkaa: inapita juu ya nguo, mikunjo inabaki. Akacheka, akasema angenijua mapema angeniazima nikafundishe.

Kwenye kipimo hutiwa dawa inayofanya chembe zenye moto zing'ae. Za mwanangu zote zilibaki giza. Zangu zilikuwa nusu kwa nusu: nusu ziling'aa, nusu giza. Maana yake kasoro ni yangu. Mwanamke ana nakala mbili za maandishi ya urithi yanayozipa chembe moto huo, moja ikiwa mbovu nyingine humbeba, ndiyo maana mimi nimeambulia madoa na vidonda vya mdomo tu. Mvulana ana nakala moja, anayopewa na mama yake. Nilimpa ile ya giza. Niliwapa wote watatu.

Siku nyingi baada ya hapo nilikuwa nikishona huku nikiuwaza mwili wangu kama kijiji kinachoonekana kutoka mlimani jioni, nusu ya nyumba zimewasha taa na nusu hazina mtu. Sikujua niuchukie au niuonee huruma.

Na zile pumba. Daktari alinieleza kwamba pumba, samadi na majani yanayooza yamejaa mbegu za ukungu zisizoonekana, ambazo mimi na wewe tunazivuta na kuziunguza bila habari. Kwa mtoto wa aina yake ni sumu. Tulimlaza juu yake akiwa na siku tatu ili aishi. Tukamwambia ndiko kwao. Nilipomweleza mwokotaji, aliketi chini kwenye mchanga, akaangalia viganja vyake, akasema tu kwamba siku ile alimpangusa puani, alimpangusa vizuri.

Sasa mtoto anameza vidonge vyake kila siku, septrini na dawa ya ukungu, na hakaribii mashine ya kukoboa. Hilo lilimliza kuliko sindano zote. Tulimhamishia mchezo upande wa pili, kwenye uwanja wa shule. Kwa siku arobaini tangu niliposema lile neno, mimi na mwokotaji tulimlinda kama mahindi yenye nyani karibu. Ya arobaini ilipita. Akaomba ubwabwa.

Halafu likaja lile jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria nguo ninayoshona huniteleza mapajani. Daktari alituita akasema kuna maabara ya mbali, nje ya nchi, inayoomba damu kidogo ya watoto kama yeye, na idhini ya mzazi. Uboho wa dada yake, ule ute wa ndani ya mifupa unaozalisha damu, ulishapimwa na haukulingana na wake, kwa hiyo kumwazima haikuwezekana. Lakini kuna njia nyingine inayotafutwa: kumtibu kwa chembe zake mwenyewe. Wataalamu wa huko huchukua chembe za mgonjwa, wakazirudisha utotoni, zikawa chembe changa kabisa ambazo hazijaamua zitakuwa nini. Kisha huitafuta ile sehemu iliyoandikwa vibaya, wakaisahihisha hiyo tu, mengine wasiyaguse. Halafu huzilea upya mpaka ziwe chembe nyeupe, wakaangalia kama zina moto.

Nilimuuliza mara mbili hapo kwenye utoto. Zinarudije utotoni? Akasema hata yeye huona ni ajabu, lakini zinarudi. Nikawaza, basi kuna watu duniani wanaoweza kuishika damu ya mwanangu na kuirudisha nyuma, nyuma ya dawa, nyuma ya majipu, nyuma ya ungo, mpaka mahali ambapo hajatupwa bado na hakuna aliyemkana.

Daktari hakuniahidi kitu, na kwa hilo nampenda. Alisema nchi nyingine wapo wagonjwa ambao uboho wao wenyewe umeshasahihishwa na kurudishwa mwilini, na baadhi yao wanaendelea vizuri. Hizi zetu bado ni za kujifunzia. Huenda akafikiwa, huenda asifikiwe, huenda akafikiwa akiwa mtu mzima. Kazi yetu ni kumfikisha huko akiwa hai.

Kwenye karatasi ya idhini palikuwa na mstari wa mama mzazi. Mwokotaji alikuwa kando yangu. Aliniangalia nikiishika kalamu, akanitania, "Nyie Wasukuma, mnatupa mtoto, mnamchukua, mimi mmeniacha na ndoo yangu tu." Lakini sauti ilikatika katikati. Niliweka sahihi, kisha nikamuuliza daktari kama shahidi anaweza kuwa mwokotaji. Akaweka dole gumba, zito, wino ukatapakaa. Mtoto anaendelea kumwita mama mpaka leo, na sitaki aache.

Mimi hakuniita chochote kwa muda mrefu. Mwenye nyumba alikuwa amekufa, na aliyechukua nafasi yake bado hakuwa amemzoea. Aliniita kwa kukohoa, au kwa kuvuta kanga. Niliumia, nikanyamaza. Mtu aliyekana miaka saba hana haki ya kudai kwa siku saba.

Mwaka huu ana miaka kumi na moja. Juzi, tulipokwenda Mpanda kuchukua dawa, daktari alitufungulia simu yake akatuonyesha picha iliyotumwa kutoka maabara. Upande mmoja giza tupu. Upande wa pili madoa ya kijani yanang'aa, mengi, kama vimulimuli juu ya majaruba ya mpunga mvua ikikatika. Akasema zote ni za kwake; zile za giza ni kabla, na zile za mwanga ni baada ya kusahihishwa. Mtoto aliisogelea picha mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

Tulirudi nyumbani kesho yake. Nilimsimamisha barazani kumpima, kama kila mwezi. Nilikuwa nimeinama, futi ikiwa kwenye kisigino chake, ndipo akauliza kutoka juu yangu.

"Wakizirudisha zile zinazowaka, zitakuwa zangu kweli, au nitakuwa nazitunza tu?"

Nilibaki nimeinama. Niliona vidole vyake vya miguu, vumbi katikati yake, kovu la jipu kifundoni. Mtoto huyu alilelewa akijua kwamba mtu anaweza kuokotwa, kutunzwa, kuazimwa. Hajawahi kuambiwa wazi kwamba kitu ni chake tu.

"Zako," nikamwambia. "Zilitoka kwako. Hata zikikaa mbali miaka mingapi, hata zikilelewa na watu wengine, ni zako tangu mwanzo."

Akafikiri.

"Kama mimi kwako," akasema. "Mama, umemaliza? Mguu unawasha."

Nilikuwa sijamaliza. Nilipima upya kwa sababu macho hayakuona namba. Urefu umeongezeka vidole viwili, na kifua, kile kifua kilichokuwa kimegoma, kimeongezeka kimoja. Alipokimbilia uwanjani niliketi kwenye cherehani, nikafungua daftari kwenye ukurasa wake. Neno "Mpangaji" lilikuwa bado juu pale, wino umefifia. Nililikata kwa mstari mmoja, na juu yake nikaandika "Mwanangu", kwa herufi kubwa, nikaliacha daftari wazi barazani mahali ambapo kila anayepita analiona. Kama kifo kinajua kusoma, na kisome.